Mnada wa Baba Longina

Usiku wa kuamkia leo niliota niko mnadani. Wanaouzwa ni watu, na wanunuzi ni risasi.

Nieleze kwanza hali ya nyumbani, maana bila hiyo hamtanielewa. Mume wangu, Osmund, Baba Longina, alirithi bunduki ya marehemu baba yake. Kibali anacho, na kazi yake ni kulinda mahindi, kwa sababu nguruwe pori wametumaliza. Juzi akasikia kuna duka huko Songea linauza risasi za zamani, masalio ya jeshi la nchi ya mbali, kwa bei ya kutupa. Osmund akisikia bei ya kutupa haulizi kinachotupwa ni nini. Nikamwambia, "Hizo risasi zimekuzidi umri. Zitakulipukia usoni, mimi nibaki nauguza kipofu." Hakunijibu. Tangu hapo hajanisemesha, na alikuwa amepanga kwenda kuzinunua leo asubuhi.

Nikalala na hasira zangu, nikajikuta mnadani.

Risasi zimekaa kwenye mabenchi, za shaba, za makamo, zimetulia. Dalali ni risasi ndefu yenye ncha nyekundu, sauti yake ya karani wa mahakama.

"Leo tunauza masalio," anasema. "Watu waliotengenezwa kwa kazi fulani, kazi ikaisha, wenyewe wakabaki. Bei nafuu. Anayechukua kreti zima anapunguziwa."

Naangalia kwenye turubai lililotandikwa mbele ya dalali. Katikati ya fungu la rahisi, Baba Longina amelala chali na soksi zake, ametulia tuli.

"Mume wangu anafanya nini pale?" nauliza.

"Anauzwa," anajibu jirani yangu wa benchi. Ni nguruwe pori, amevaa koti la harusi, anatafuna mahindi mabichi. Kwa heshima nashindwa kumwuliza ameyatoa wapi, ingawa mahindi yangu nayajua.

"Na wewe umekuja kununua?"

"Nimekuja kuchagua, mama. Ukoo wetu unahitaji mlinzi wa shamba. Tunapenda asiyelia."

Dalali anaamuru, "Mgeuzeni!"

Risasi mbili zinamgeuza Osmund kifudifudi na kumvua soksi. Kwenye kisigino pamepigwa mhuri: Namtumbo, na mwaka aliozaliwa.

"Ndugu wanunuzi," anasema dalali, "msinunue kitu kisichosema kimetoka wapi. Huyu anasema. Mwaka wake ulikuwa wa mvua nzuri. Ukoga wa kijani, ile kutu ya shaba, upo?"

"Kidogo, nyuma ya sikio," inajibu risasi iliyokuwa inamkagua.

Nainamisha uso. Huyu mtu nimemwambia mara ngapi habari za sabuni?

"Na alitunzwa na nani?"

Nanyoosha mkono. Hapohapo mnada unahamia jikoni kwangu, mabenchi yote yameenea bila kubanana, na dalali amesimama juu ya kinu.

"Ulimtunza pakavu au penye unyevu?"

"Pakavu. Labda pale bati linapovuja, na hilo nimemwomba alizibe tangu masika iliyopita."

"Alishajaribiwa?"

Najibu kweli tupu, sijui kusema uongo ndotoni. "Juzi. Nilimgonga kwa neno. Hakulia."

Nguruwe anafuta mdomo, ananyanyua kwato.

"Aliyegoma! Namchukua huyo."

"Aliyegoma ni bei ya chini kabisa," anatangaza dalali. "Kuna anayeongeza?"

Hakuna. Risasi zinatazama dari. Nguruwe ameanza kupima kwa macho kama Osmund ataenea begani.

Hapo niliogopa, wala sioni haya kusema. Niliona nitakavyorudi chumbani peke yangu, kitanda kikubwa, koti lake kwenye msumari. Nampenda yule mtu, na ubahili wake wote.

"Hajagoma!" napiga kelele. "Anachelewa tu!"

"Ushahidi?"

"Wakati wa uchumba nilimwuliza kama ananipenda. Alinijibu tukiwa tumeshamzaa Longina."

Risasi zinaguna. Dalali anashuka kutoka kwenye kinu, ananisogelea.

"Mama, risasi inayochelewa ni ya hatari kuliko iliyogoma. Ukivuta triga isilie, unaiacha imeelekea pasipo na mtu, unasubiri. Hufungui ukachungulia. Wewe ulifanyaje?"

"Nilimchungulia. Nilimfuata mpaka bafuni nikimwuliza kwa nini hanijibu."

Mstari wote wa mbele unajificha chini ya mabenchi.

"Basi subiri sasa," anasema dalali.

Tuko shambani. Mahindi yamebeba, ukungu umekaa juu yake. Wamemsimamisha Osmund akielekea mlimani, ambako hakuna mtu, nasi sote tuko nyuma yake tunasubiri. Nguruwe anasubiri pia, koti amelikunja mkononi.

"Neno moja tu," unaniambia ulimi wangu.

"Kaa," nauambia.

"Dogo. La mapenzi."

"Kaa!"

Ukungu unapanda. Mahindi yanakomaa, yanakauka, yanaota upya. Ulimi wangu unalia machozi mdomoni, nayameza. Halafu mabega ya Osmund yanapanda, anafungua mdomo, na sauti inatoka na moshi, mpaka ndege wa bonde zima wanaruka.

"SIONI!" anaupigia kelele mlima. "Sioni vizuri tena! Ninakosa! Nikiwa na risasi nyingi za rahisi, moja itampata nguruwe!"

Mlima unarudisha maneno yale polepole, yote.

Nimesimama na lile neno langu la juzi, la kuuguza kipofu. Nalishika mkononi, ni la moto, sina pa kuliweka.

"Huyu simtaki," anasema nguruwe, anavaa koti. "Analia." Anatuaga vizuri na kuingia kwenye mahindi.

"Ameuzwa kwa mama wa nyuma," anasema dalali.

"Nalipa nini?"

"Umeshasubiri. Ila sikiliza: hizi za zamani zina chumvi. Zikilia, chumvi inabaki kwenye mtutu, na usipoosha kwa maji ya moto siku hiyohiyo, kutu inakula chuma. Usilale bila kumwosha."

Nikaamka.

Kumekucha. Osmund ameketi ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, shati la safari ameshavaa. Ulimi ukaniwasha. Nikauzuia.

Akakohoa. "Mama Longina."

"Abee."

"Mdomo wangu una chumvi, sijui nimekula nini. Tuna maji ya moto?"

Nikaenda jikoni nikachemsha, nikarudi na kikombe, nikamnyooshea. Osmund akanyanyua mkono kukipokea, akashika hewa, kando kabisa ya kikombe. Akashika tena hewa.

Nikakishikilia kikombe palepale kilipokuwa, nikanyamaza, nikamsubiri.