Seli Zilizonyamaza

Kwa miezi minane mtaalamu mmoja wa seli alifanya kazi peke yake katika chumba cha mwisho cha maabara, yeye na jokofu lililonguruma kama mtu aliyelala. Alitenganisha seli za kinga kutoka katika damu ya wachangiaji, akazichokoza kwa sumu ya bakteria ili zitoe protini za uvimbe, kisha akapima iwapo sukari aliyoichuja kutoka katika mizizi ingezituliza. Wenzake wa chumba cha pili walimwita Bi Sukari, ila hawakuwahi kumwita kunywa chai. Wala hakuna aliyejua kwamba alichokuwa akikitafuta humo ni nafuu ya magoti ya mama yake, yaliyofura kwa miaka.

Jumatatu matokeo yakatoka: protini za uvimbe zilikuwa zimeshuka karibu na sifuri. Profesa, mkuu wa maabara, alilisoma jedwali akiwa amesimama.

"Hongera, binti yangu! Ijumaa nalipeleka mkutanoni."

Jioni hiyo binti akampigia simu mama yake, baada ya kimya cha wiki tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Nadhani nimepata dawa ya magoti. Ni sukari."

Mama akacheka. "Si ndiyo iliyomuua baba yako? Imetubu lini?"

"Hii si ile, mama. Hii ni ya mizizi."

"Sukari ni sukari tu, mwanangu."

"Na magoti je?"

"Sina neno. Endelea na kazi."

Utani huo ulimkaa kichwani. Ni kweli kwamba hakuwahi kuilinganisha sukari yake na ile ya kawaida. Kesho yake alichota kijiko katika kopo la chumba cha chai, akapima uzito uleule, akaiyeyusha, akazipa seli nyingine.

Jumatano sukari ya chai nayo ilikuwa imezituliza, sawasawa na ile ya mizizi.

Akadondoshea seli zote rangi ya buluu. Seli hai huikataa rangi hiyo. Iliyokufa huiachia iingie. Siku zote alipima uhai wa seli kabla ya kuzitia sukari, hakuupima baada. Sasa, chini ya darubini, kila seli ilikuwa buluu. Alikuwa amekoroga sukari nzito mno, ikazinyonya maji zikafa, naye akakihesabu kimya chao kuwa nafuu.

Angenyamaza, nani angejua? Akainuka, akaenda kubisha hodi kwa Profesa.

"Ijumaa usiende na jedwali langu. Seli zimekufa zote."

"Zote?"

"Zote, Profesa."

Profesa akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Aa, Bi Sukari! Na suti nimeshaipeleka kwa dobi." Kisha, kwa upole: "Anza upya. Punguza kipimo."

Alirudi chumbani mwake. Jokofu lilikuwa likinguruma vilevile. *Sina neno*, mama alikuwa amesema, naye binti akaridhika. Akachukua simu.

"Mama, leo umetembea mpaka wapi?"

"Swali gani hilo?"

"Nijibu tu."

"Mpaka ukingoni mwa kitanda."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Sikutaka kukukatiza kazi."

"Nani anakuletea maji?"

Mama hakujibu. Binti yake akazima darubini, akabana simu kwa bega, akaanza kufungua vifungo vya koti lake jeupe.