Mtu Asiye na Babu

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Salat aliketi mbele ya kompyuta katika ofisi ya msaada mjini Garissa kuyapanga majaribio yake. Ilikuwa mwaka 1996, na programu yake ndiyo iliyogawa unga katika kambi ya wakimbizi. Folda ya kwanza ilikuwa na majaribio yanayopaswa kukubaliwa. Ya pili ilikuwa na makosa ya makusudi, ambayo kompaila, inayotafsiri maandishi kwa lugha ya mashine, ilipaswa kuyakataa. Ikiyakataa, jaribio limepita. Ikikubali hata moja, programu nzima inagoma.

Kila mpokeaji unga alipaswa kuwa na majina matatu: lake, la baba na la babu; kwa hiyo kwa folda ya pili alibuni mtu asiye na jina la babu, akamwita Khadijo. Alidhani hamdhulumu yeyote. Nani asiyemjua babu yake, wakati kila mtoto hukaririshwa mababu kabla hajapewa mbuzi wa kuchunga?

Khadijo alifika siku hiyohiyo, vumbi hadi magotini, mtoto mgongoni. Tarishi wa ofisi akamvutia kiti. Khadijo alieleza kwamba vita viliwamaliza wazee wake kabla hawajamkaririsha. Kompaila ikamkataa, naye akafifia kuanzia miguuni, mtoto akiwa wa mwisho. Akawa anarudi kila alasiri, na kila alasiri tarishi akimmiminia chai ambayo hakuwahi kuimaliza.

Salat alichoka na jambo hilo. Alhamisi moja akamjazia Khadijo jina la tatu, Dekow, babu yake Salat mwenyewe. Kompaila ikamkubali. Khadijo akabaki kitini, akamaliza chai, akamnyonyesha mtoto. Programu ikagoma, na malori ya unga yakakwama uani. Mkuu wa ofisi akasema wafadhili wanataka majina matatu, na lazima ithibitike kila siku kwamba anayekosa la tatu hapiti.

“Walaal, ndugu yangu, toa hiyo jina,” Khadijo akasema. “Watu ya kambi wanangoja chakula.”

“Nikitoa, abaayo, dada yangu, utakataliwa.”

“Mimi nimezoea.”

Salat alilifuta kwa aibu, bila kumtazama usoni. Malori yakaondoka kabla ya magharibi.

Jumamosi Khadijo alikuja na wanawake wawili na kijana mmoja wa Bura, wote wasiojua babu zao. Tarishi akaazima viti kwenye hoteli ya jirani. Kompaila ikawakataa wote, na mkuu akampongeza Salat kwa kuwa majaribio yameongezeka na hakuna hata moja lililoanguka.