Biashara Iwe Hai

Serikali ilipotufungia saluni kwa sababu ya korona, iliahidi kutupa ruzuku sisi wa biashara ndogo ndogo. Mimi kinyozi nikavaa barakoa yangu, nikaenda ofisini kwao.

"Saluni yako iko wazi?" akaniuliza ofisa.

"Imefungwa, mkuu. Si nyinyi mlioifunga?"

"Basi hupati. Sharti linasema biashara iwe hai. Yako imekufa."

"Nikiifungua je?"

"Utakamatwa."

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nywele za huyu zilishafunika masikio na kola ya shati, ila akili sikuiona hata chembe. Yaani unanikaba koo, halafu unaninyima maji eti sipumui!

Nikageuka kuondoka. Akanifuata hadi kwenye ngazi, akachungulia huku na huku, akashusha barakoa na sauti pamoja.

"Fundi, Jumamosi nina kikao na waziri, na kichwa unakiona kilivyo. Njoo nyumbani na mashine yako, uninyoe kimyakimya."

"Pole sana, mkuu," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka mapokezi. "Biashara yangu ni marehemu, umesema mwenyewe. Umewahi kuona marehemu akinyoa?"