Aliyetumwa Kumfunga Sagita

Kazi yangu ni kushika farasi. Siwaendeshi wala siwalishi. Nasimama langoni mbele ya farasi wanne waliokwisha kupagawa na kelele za watu, nawashika mpaka kamba ivutwe na milango ifunguke, halafu naruka pembeni nisikanyagwe. Hapa Karthago nimeifanya kazi hii tangu sina ndevu, na sasa ndevu zimeingia mvi. Anayedhani mbio bado zinanipandisha damu amepotea njia. Nimechoka. Mgongo umechoka, masikio yamechoka, na roho nayo haina hamu ya kitu tangu tumzike Aris.

Aris alikuwa kifungua mimba wa dada yangu Birikti, na aliendesha magari ya farasi ya kundi la Kijani. Msimu uliopita, kwenye nguzo ya kugeuzia, farasi wa upande wa ndani wa wapinzani wetu, kundi la Buluu, jina lake Sagita, alimbana ukutani. Gari likapinduka. Waendeshaji wote hujifunga hatamu kiunoni na kuchomeka kisu cha kuzikatia, lakini Aris aliburutwa kabla mkono haujafika kwenye kisu. Tulimzika nje ya mji, kwenye kaburi lenye bomba la udongo la kumiminia marehemu divai. Kila mwezi ukiandama dada alikwenda. Akishamimina, aliweka mdomo kwenye bomba akamsimulia mwanawe habari za nyumbani: mbuzi kazaa, jirani kagombana na mkewe, mdogo wako sasa anaendesha kama wewe. Mimi nilimsubiri kando, nikilalamikia jua. Nilijua kwamba mazungumzo yale ndiyo yaliyomfanya aamke asubuhi.

Huyo mdogo ni Rogato. Mama mtu alimkataza, akalia, akasusa kula, na kijana akaenda vilevile kuendeshea Kijani. Sikukuu ya Bibi wa Mbinguni, mungu mlinzi wa mji wetu, ilipokaribia, ikajulikana kwamba Rogato atashindana na gari la Buluu, lile lile la Sagita.

Dada akanifuata zizini.

“Kaka, nimemfunga.”

“Umemfunga nani?”

“Sagita.”

Alikuwa amekwenda kwa mganga, akaandikiwa maneno kwenye bamba jembamba la madini ya risasi: Sagita afungwe miguu, akatwe pumzi, aanguke kwenye nguzo siku ya sikukuu, tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Bamba kama hilo hupewa maiti wa mtu aliyekufa kabla ya siku zake, maana hao hawajatulia na wanatumika. Wengine huzunguka makaburini kutafuta maiti wa watu. Dada hakuhitaji. Alilikunja bamba, akalitumbukiza kwenye bomba la mwanawe.

“Nimemwambia, ‘Mwanangu, mlinde mdogo wako,’” akasema.

Sikumgombeza. Kwetu kila mtu anafukia risasi. Zingekuwa zote zinafanya kazi, hakuna farasi ambaye angetoka langoni, nami ningekuwa nimelala nyumbani. Nilimwambia aende akapumzike.

Siku ya sikukuu, asubuhi, Rogato alishinda. Alishinda kwa shingo ya farasi, si zaidi. Mimi niliona kilichotokea: Vitalio, mwendeshaji wa Buluu, mtu wa divai sana, alichelewa kuvuta hatamu kwenye mgeuzo wa mwisho. Sagita mwenyewe alikimbia vizuri tu. Lakini dada alishuka mbio hadi kwenye uzio wa mazizi, anacheka na machozi yanamtoka.

“Amenisikia, kaka! Aris amenisikia! Umeona Sagita alivyojikwaa?”

Hakuwa amejikwaa popote. Lakini uso ule sikuwa nimeuona tangu matanga, na mimi ni nani hata niuzime?

“Nimeona,” nikasema.

Hapo ndipo watu wa Buluu walipoanza.

“Ni farasi hao, si mkono!”

“Huyo mtoto mpeni punda tuone!”

“Wabadilishane! Wabadilishane!”

Wa Kijani nao hawakukaa kimya. “Vitalio, mpe gari! Mpe na mkeo, naye amechoka kuendeshwa na mlevi!”

Ndiyo desturi yetu. Mshindi akidharauliwa, hubadilishana farasi na mwenzake aliyeshindwa, wakimbie tena mchana. Akishinda kwa farasi wa mwenzake, hakuna wa kufungua mdomo tena. Mheshimiwa aliyegharimia mbio alipeperusha kitambaa chake kukubali, na uwanja mzima ukalipuka. Rogato angeendesha farasi wa Buluu, na Sagita angekuwa upande wa ndani.

Nilimtazama dada. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

“Jua halijazama,” akasema. “Kaka, jua halijazama. Niache niende kaburini nikalitoe.”

“Utapitaje? Watu wamejaa hadi nje ya malango. Na ukifika, bomba lenyewe haliingizi hata kiwiko.”

“Basi nikamwambie aache.”

“Utafika mbio zimekwisha, Birikti. Tulia. Aris ataona kwamba ni mdogo wake.”

“Wafu hawaoni! Wanasikia jina tu, mganga kanieleza. Nimempa jina la Sagita. La anayemwendesha sikumpa.” Akanishika nguo. “Mwambie Rogato asipande.”

“Nikimwambia atapanda, unamjua. Ila atapanda na hofu, na hofu ikiingia mikononi mwa mwendeshaji, hapo hahitaji risasi ya mtu.”

“Basi mjeruhi Sagita. Si wewe unayemshika? Mchome kwato.”

“Watanichuna ngozi.”

“Na mwanangu je?”

Tarumbeta ilikuwa imelia, nami nikaenda.

Kiunoni nilikuwa na kile chuma cha kuchokolea kwato. Nilikishika, nikakiachia, nikakishika tena. Sagita alinipumulia shingoni. Huyu ndiye aliyemuua Aris, na harufu yake ilikuwa ya majani makavu na jasho kama farasi yeyote. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Hata chuki inataka nguvu.

Rogato alikuwa anajifunga hatamu, anapiga mluzi.

“Mjomba, mbona leo umemkumbatia Sagita kama mke mdogo?”

“Funga vizuri, acha maneno. Kisu kiko wapi?”

“Kipo. Mwambie Mama apige kelele kidogo. Nimemwona pale, kajiinamia kama yuko matangani.”

Nikakiachia chuma. Kamba ikavutwa, milango ikafunguka, nikaruka pembeni.

Nilikwenda kusimama na dada kwenye uzio. Alikuwa ameuma pindo la shela, na kila magari yalipofika kwenye nguzo alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Mizunguko ni saba, na nimeshaiona maelfu, lakini ile ya siku hiyo ilikataa kwisha. Mzunguko wa tano Vitalio alijaribu kumbana Rogato palepale alipofia Aris. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Sagita alikuwa ameikata nguzo karibu kabisa, amepita kama mtu anayepita mlango wa nyumbani kwake, na baada ya hapo hakuna aliyemkaribia. Yeye na Rogato walimaliza wako mbali sana mbele.

Uwanja uliimba jina la Rogato. Watu wa Buluu nao waliimba, maana farasi ni wao.

“Mwanao mzima,” nikamwambia dada. “Mshukuru Bibi wa Mbinguni.”

Alimshukuru, na kwa moyo wote. Alilia hadi mabega yakatikisika, nami nikalia naye. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye uzio.

“Kaka,” akasema, “Sagita hakuteleza hata mara moja.”

“Hakuteleza.”

“Kwa hiyo hata asubuhi hakujikwaa.”

Nikaanza kukung’uta vumbi la nguo yangu, naye akaelewa.

“Labda Aris alijua tu,” nikasema. “Akamwachia.”

“Aris? Aris nilimtuma maji ya kunywa akaleta ndoo mbili. Hajawahi kukataa neno langu, hata la kijinga.” Akajifuta pua. “Hayupo, kaka. Siku zote hizi nilikuwa naongea na bomba.”

Nilitafuta la kumwambia. Mtu akifiwa mara ya kwanza, maneno yapo, tunayarithi kwa wazee. Hili sikuwa na maneno yake.

Kesho yake asubuhi Rogato alitukuta uani, ana kiriba cha divai begani na tawi lake la mtende la ushindi. Dada alikuwa anachagua mawe kwenye dengu.

“Mama, twende tukamwambie Aris.”

“Nenda na mjomba wako,” akasema bila kuinua kichwa. “Mimi leo miguu inaniuma.”

Rogato alinitazama, akashangaa. Mama yake alikuwa amekwenda kule hata na homa. Lakini ujana una haraka zake, na furaha ilikuwa imemjaa, hakuuliza.

Kaburini alipiga magoti, akamimina divai yote, hakubakiza hata funda la kwetu wawili. Akaweka mdomo kwenye bomba kama alivyomwona mama yake akifanya. Akasimulia kila kitu: asubuhi ilivyokuwa, matusi ya watu wa Buluu, Vitalio alivyolia kama mtoto. “Na Sagita, kaka, ana mdomo laini ajabu. Ukimgusa tu anageuka. Ungempenda,” akasema, akacheka ndani ya bomba.

Mimi nilisimama juani. Mara hii sikulalamika.

Akainua kichwa, midomo imejaa vumbi jekundu.

“Mjomba, unadhani amesikia?”

“Amesikia,” nikasema. “Ila hapo kwenye nguzo umeongea haraka. Hebu mrudie.”

Akainama tena.