Kadi ya Mama Rebwar

"Msumbwa wa Ushirombo ana nini na Kikurdi?" Mwenyekiti wa jopo aliniuliza hivyo chuoni Shinyanga, na wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba wageni walianza kuiandika lugha yetu kabla babu yangu hajazaliwa, na sijasikia jopo lolote likiwauliza wana nini nasi. Kicheko kikakatika. Wakaniambia nilete sauti za mzungumzaji halisi kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nisipoleta, nitaandika mada watakayonichagulia wao.

Mzungumzaji nilikuwa naye. Rebwar ni Mkurdi wa Sanandaj kule Uajemi, fundi wa karasha, ile mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu pale Nyarugusu. Kiswahili amekiokota kwa wachimbaji, matusi kwanza, salamu baadaye. Nyumbani kwao alikua na Kikurdi, shuleni akafundishwa kwa Kiajemi, kwa hiyo kila neno nililomwomba alinipa mara mbili. Kikurdi chao kina L mbili, nyepesi na nzito. Kiajemi kina moja. Mwajemi akisema nilikula mkate, alama ya mlaji huiweka kwenye kitenzi. Mkurdi huigandisha kwenye mkate wenyewe. Wapo wanaolewa gongo; mimi hulewa mambo kama hayo.

Kila mchana kazi ikisimama alimpigia simu mama yake. Mama Rebwar alikubali nimrekodi kwa sharti moja: sauti yake tuisikie mimi na walimu wangu tu. Alisimulia alivyochapwa shuleni kwa kuitamka lugha ya kwao. Akamtaja kwa jina kaka yake aliyeikimbia nchi, na mji anakojificha. Rebwar alipomaliza kunitafsiria, nikaapa kwamba sauti ile haitavuja.

Tabu ilikuwa kelele za karasha za jirani, ambazo hazikusimama. Nikaifunga maikrofoni ya kinasa sauti changu kwenye mpini wa fagio, nikavaa hedifoni, nikazunguka uwanja mzima polepole, nikisimama na kusikiliza, nikitafuta kona iliyotulia. Niliipata nyuma ya banda la Mama Kudra, muuza chakula. Nikaweka jiwe la alama, nikaandika daftarini, nikaondoka nimeridhika. Mtu yeyote wa Nyarugusu angekwambia nilikuwa nafanya nini. Mashine ya kutafutia dhahabu nayo hushikwa kwa mpini, mwenye nayo huvaa hedifoni, na husimama pale inapolia. Mimi na usomi wangu wote sikuliona hilo.

Jumatano asubuhi nikakuta shimo penye jiwe langu, refu kupita kimo cha mtu. Walikuwa wamechimba wakaambulia udongo. Sasa mchimbaji akiambulia udongo hasemi nimekosea, husema nimedanganywa.

Bartholomeo, msimamizi wa duara la jirani, shimo la wachimbaji, akaja na wanaume kama kumi. Nikamwamkia shikamoo, maana ugomvi haufuti adabu. Akaitika marahaba, kisha akanyoosha mkono, akiniita mama kwa lugha ya huku.

"Lete kadi ya hicho kifaa, mayu. Ulipima, ukaweka jiwe la uongo, pa kweli pamo humo."

"Ni lugha, baba. Natafiti lugha ya fundi."

"Lugha inatafitiwa kwa fagio?"

Wakacheka kama lile jopo la chuoni, nami damu ikanichemka vilevile.

"Wasikilizishe tu, mwanangu, yaishe," Mama Kudra akaniambia kwa upole.

"Siwezi. Humo kuna sauti ya mama wa mtu, na niliapa."

"Kama si dhahabu, unaficha nini?" akauliza Bartholomeo. "Basi tutaipeleka Geita mjini, wapo wa kuifungua."

Nikaiona akilini ile kadi ikipita mkono kwa mkono, jina la mtu na maficho yake ndani. Rebwar alikuwa amesogea karibu yangu, uso umemsawijika.

"Mpe, Vaileth," akasema. "Watakuumiza."

Nilijua anachokitoa ili mimi nisiguswe, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Kompyuta ya kunakilia ilikuwa chumbani kwangu Ibadakuli, kule Shinyanga. Saa kumi na moja za sauti zilikuwa hapo tu, kwenye kikadi kidogo kuliko ukucha. Nikakichomoa, nikakitia menoni, nikakitafuna mpaka kikavunjika. Vipande nikavitemea kiganjani mwa Bartholomeo.

"Haya, kaisikilizeni."

Hakuna aliyecheka. Bartholomeo aliviangalia vile vipande vyenye mate, akaniangalia mimi, akavifuta kwenye suruali.

"Mwenye dhahabu hawezi kufanya hivi," akawaambia wenzake. "Fukieni hilo shimo la watu."

Walipoondoka nikakaa chini nikalia. Sikulia kwa woga. Nililia kwa sababu jopo lilikuwa keshokutwa na mikono yangu ilikuwa mitupu, na kwa sababu ningerudishiwa nafasi ile ningeitafuna kadi tena.

Rebwar akampigia mama yake. Alizungumza muda mrefu, akinionyesha kwa kidole kana kwamba yule mama angeniona. Kisha ile sauti niliyoizoea ikaanza kusema kwa haraka, kali, na Rebwar akaniambia niwashe simu yangu nirekodi.

"Anasema safari hii kaka yake hamtaji," akatafsiri. "Lakini yale mengine anayarudia yote, na sharti amelifuta. Asikie anayetaka, hata hawa wa duarani. Anasema alichapwa ili anyamaze, sasa yeye mwenyewe atajinyamazisha kwa nini?"

"Saa zote kumi na moja za sauti?" nikauliza. "Mwambie jopo ni Ijumaa."

Rebwar akamwambia. Jibu likaja fupi, nami nikalielewa kabla hajafungua kinywa kunitafsiria.

"Anasema leo na kesho hapiki."