Sura Zionekane

...na tena Bwana, anasema, na tena, ndiyo maana watoto wa shule hii wanamwita Mwenyekiti wetu Na Tena, akishafumba macho hafumbui mpaka jua lihame, na sisi watu wa fellowship tumesimama uwanjani mita moja moja tulivyochorewa kwa chokaa, barakoa usoni, vichwa chini, tunaombea ndoo kumi za kunawia mikono, ndoo! robo saa nzima, na dada yangu aliombewa kwa simu, dakika mbili, spika imewekwa kwenye mto... mimi sijafumba, namwangalia Shemeji, mume wa marehemu dada, fundi wa kuchomelea, amechuchumaa nyuma ya Mwenyekiti anagongagonga kanyagio la stendi ya mwisho ya ndoo hizo, nyundo mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia walimvunja, hatua tatu tu, Shemeji, inuka, kisogo hicho hapo kimenyolewa kinang'aa, kipasue, nipasulie kichwa hicho, nasema moyoni na mate yananijaa mdomoni, mimi katibu wa fellowship, niliyesoma risala muda si mrefu na sauti haikutetemeka hata kidogo... uwabariki walimu wa shule hii, na tena uwatie nguvu, walimu! anathubutu kutaja walimu, dada yangu alikuwa mwalimu mkuu hapa miaka kumi na moja, ofisi yake ile pale, pazia ni lile lile la kwake, alilipinda mwenyewe kwa mkono, na shule zilipofunguliwa tena baada ya kufungwa kwa ajili ya korona hapakuwa na hata kipande cha sabuni, akanipigia, mdogo wangu, nyie watu wa kanisa si mna mikono, nisaidieni basi watoto hawa wasinifie, nikasimama kwenye fellowship nikasema jamani tuisaidie shule, wazo lilikuwa langu, wakapiga makofi, akina mama tukashona barakoa mia tatu mpaka vidole vikaota sugu, tukazileta hapa hapa pamoja na katoni ya sabuni, na Mwenyekiti alikuwa anakohoa, wote tulimsikia, vumbi tu hili, akasema, vumbi gani na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mnafiki mkubwa, ningemsokomeza sabuni zile kooni, kipande baada ya kipande, mpaka macho yamtoke.

Siku ya tisa baada ya makabidhiano yale dada akaanza kuhema kama aliyekimbizwa, siku ya kumi na nne akafa, na Jumapili ya pili baada ya mazishi Shemeji aliingia kanisani na nondo, kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwaya ikakatika katikati ya ubeti, yuko wapi, anapiga kelele, yuko wapi aliyemvua mke wangu barakoa, akaishusha nondo ikamkosa Mwenyekiti kwa upana wa kiganja, ikachana mimbari, na wanaume wa fellowship wakamrukia, watu waliokula kwake, hao hao, walimpiga kwenye ngazi za madhabahu kwa viatu vya Jumapili, mfupa wa mkono nilisikia ukilia, mlio mkavu, kama mtu anavunja kuni, na mmoja alikuwa anasema samahani kaka huku anamkanyaga, samahani kaka, anakanyaga, samahani kaka, anakanyaga tena... na mimi, mimi nilichukua ufagio, nikafagia vioo, katibu ndiye mwenye ufunguo wa stoo, na jino lilikuwemo kwenye vioo, nikalifagia nalo... halafu eti Mwenyekiti kwenye kikao, ndugu zangu, tumpe kazi huyu ndugu yetu, atutengenezee stendi za kunawia, za kukanyaga kwa mguu, iwe upatanisho wetu na yeye na shule pia isaidike, na Shemeji akakubali siku hiyo hiyo, hakuuliza swali hata moja, mtu aliyepigwa namna ile hakubali upesi hivyo, nikajua anautaka ukaribu tu, hatua tatu, sikumwambia mtu, nilisubiri siku hii kwa hamu, Mungu anisamehe, nimevaa na gauni jipya.

Ameinuka. Magoti yamelia, ameinuka, stendi haigongwi tena... na tena Bwana, tunamkumbuka mwalimu wetu aliyetutangulia, mama wa shule hii, na sauti inamkatika, Na Tena analia, barakoa imelowa, mabega yanamcheza, lia, lia vizuri, mpige akilia, Shemeji, mpige hapo chini ya sikio, unangoja nini na picha ile ya siku ya kukabidhi barakoa unayo, si uliniletea simu nje ya chumba cha maiti, picha umeikuza mpaka meno ya dada yanaonekana, barakoa iko chini ya kidevu, Mwenyekiti bega kwa bega naye, ukaniuliza shemeji yangu, nani alimwambia ashushe, nikasema Mwenyekiti, neno moja, lilitoka jepesi, lilikuwa tayari mdomoni, kwa sababu Mwenyekiti yumo kwenye picha na mpiga picha hayumo, hakuna anayemwona mpiga picha... sura za wanufaika zionekane, fomu ya ripoti ya wafadhili waliotupa vitambaa ndivyo ilivyosema, na mimi kwa fomu sina mpinzani, nikashika simu nipige, dada akasema tupige hivi hivi jamani, mimi si mnajua nina pumu, nikamwambia wewe naye, sekunde tano tu, bibi harusi hutaki kufunuliwa? shusha, sogea huko kwa Mwenyekiti, sogea bwana, cheka, na akacheka, ya kwanza ikatoka giza, ya pili mtu kafumba macho, ya tatu kichwa cha mtu kimekatwa, rudini, karibianeni, Mwenyekiti akakohoa, nikasema mzee umetuharibia, turudie, mara saba, nilizihesabu wakati nafuta zile mbaya, mara saba nilimweka dada yangu pale kwa mikono yangu nikamwambia acheke, na sikusahau, nisijidanganye, sikusahau hata siku moja, niliikalia tu, miezi minne nimeikalia, mkono wa Shemeji ulivunjika mimi nikiwa nimeikalia.

Na sasa amesimama wima, anakiangalia kisogo cha Mwenyekiti, halafu ananiangalia mimi juu ya vichwa vyote vilivyoinama, sisi wawili tu tuna macho wazi uwanja mzima, anauliza bila kutamka, ni yeye, sivyo? uliniambia ni yeye, na barakoa imeniziba mdomo kwa hiyo ni kichwa tu kinachotakiwa, nikikiinamisha Mwenyekiti amekwisha na watoto wanaona, nikikitikisa... na tena Bwana, anasema Mwenyekiti, na tena, na watu wanaitikia mmh, na shingo yangu imekuwa ngumu lakini inageuka, kushoto, kulia, anakunja uso, hajaelewa, najiwekea kidole kifuani, mimi, Shemeji, si yeye, ni mimi, njoo huku.