Kiti Chenye Kitenge

Upepo wa Julai ulikuwa ukirudisha moshi ndani ya jiko la nyuma ya ghala, na Jovina alikuwa akisonga ugali wa ulezi huku amefumba jicho moja. Kwa lile jingine alitazama dirishani. Ndani, mbele ya wakulima wa Mpui, vilipangwa viti vinane vya kamati. Kimoja kilifunikwa kitenge kipya, kwa sababu watu wa mradi kutoka mjini walitaka kumwona mama kwenye uongozi. Jovina alikiangalia hicho kimoja tu.

Aliyekikalia alikuwa Asnath.

Jumapili, baada ya misa, wanawake wa bondeni walikuwa wamemtaja Jovina kwa kiti hicho, naye alikuwa ameshapiga pasi gauni lake. Alphonce, mwenyekiti, alisimama akacheka.

"Dada Jovina mnamjua. Ugali utaungua yeye bado anaongea. Nafasi ya mama ni moja, jamani. Tumpe mtulivu."

Watu wakacheka naye. Mtulivu huyo alikuwa Asnath, mke wa mdogo wake Alphonce.

Tangu siku hiyo Jovina alimchukia Asnath kwa vitu vidogo: viatu vyake, sauti yake ndogo, na sasa namna alivyokaa pale, mikono mapajani, kama kuku anayeatamia.

Jambo la kuamua lilikuwa moja: mashine ya kusaga iliyoletwa na mradi iwekwe wapi. Alphonce alitaka iwe kando ya duka lake, juu barabarani. Wanawake wa bondeni waliitaka karibu na kisima, maana wao ndio waliokuwa wakipanda mlima ule wa barabarani kwenda kusaga, debe la mahindi kichwani. Mwaka jana mmoja wao, Dominika, aliteleza pale akiwa mjamzito. Mtoto hakupona.

"Na mama wa kamati tumsikie," alisema mgeni, Bwana Shigela.

Asnath aliinuka. Akafungua mdomo.

"Shemeji," Alphonce alimkatiza kwa upole, "wageni wana njaa. Wanawishe kwanza, utasema baadaye."

Asnath akaja jikoni. Chini ya khanga alikuwa ameficha chupa ya soda.

"Nimekubakizia nusu, dada. Uko na moshi tangu asubuhi." Aliiweka juu ya tofali. Kisha akasema haraka, "Nisaidie jagi na beseni. Ukiwanawisha wewe, mimi nitarudi kuketi, niwaambie habari ya kisima. Nikishapiga magoti pale, nani atanisikia?"

Jovina aliona kwamba kitenge cha kwenye kiti kilifanana na kile alichokuwa amejifunga Asnath. Wamenunuliwa doti moja, akawaza, wakagawana yeye na kiti.

"Shemeji yako kakutuma wewe," alisema. "Mimi si nina maneno mengi?"

"Dada, ni kwa ajili yetu sote."

"Kiti ulikitaka. Kibebe na jagi lake."

Asnath alimtazama kidogo. Akajaza jagi maji ya vuguvugu, akachukua beseni, akarudi ndani.

Jovina alipakua ugali. Dirishani alimwona Asnath akipiga magoti mbele ya Bwana Shigela, kisha mbele ya Alphonce, kisha akisogea kwa magoti hivyo hivyo kando ya ule mstari wa viti, kama mama zake walivyomfundisha. Alikuwa amefika kwa mwanaume wa mwisho.

"Tusiwachoshe wageni," Alphonce alisema. "Mashine ikae barabarani. Kamati, wanaokubali?"

Mikono saba iliinuka, bado imelowa. Maji yalitiririka hadi kwenye viwiko, na matone yakaanguka kwenye kilemba cha Asnath. Yeye alikuwa ameinama, ameshika beseni kwa mikono miwili.

"Kamati yote," alisema Alphonce, na watu wakapiga makofi.

Juu ya tofali soda ilikuwa imeanza kuingia majivu. Jovina hakuigusa. Alikuwa bado anakitazama kile kiti kitupu, jinsi kitenge kilivyonyooshwa vizuri, bila hata mkunjo.